Barua ya wazi kwa Mkurugenzi na Madiwani: kompyuta zenu zinachomwa nyuma ya shule yetu

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri yetu,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Afisa Mazingira.

YAH: KUUZWA KWA VIFAA CHAKAVU VYA HALMASHAURI KWA WACHOMAJI WASIO NA KIBALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa redio, runinga na simu hapa Dar es Salaam, kazi niliyoianza mwaka 1996. Jina langu na namba yangu ya simu mnavyo tayari, kwa kuwa hii ni barua ya nne. Ya kwanza niliipitisha kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, akaigonga muhuri. Ya pili niliileta masijala mwenyewe, na nakala yangu ina saini ya aliyeipokea. Ya tatu tuliiandika pamoja na wazazi wa wanafunzi, majina arobaini na moja na saini zao. Hadi leo nimejibiwa mara moja tu, kwa mdomo, nikiwa nimesimama koridoni: "Linafanyiwa kazi, mzee." Imepita miezi kumi na minne. Nawaandikia hadharani kwa heshima ileile niliyokuwa nayo kwenye barua ya kwanza, ila sasa nataka na wananchi wenzangu wasome.

Nianze na nilichokiona.

Nyuma ya ukuta wa shule yetu ya msingi kuna yadi ya skrepa. Sisi mafundi tunaijua, tunakwenda pale kununua bodi za kunyofoa vipuri, na mimi sijifanyi kuwa siijui. Siku moja mwezi wa pili nilikwenda kutafuta transfoma. Kwenye kona nikakuta sipiyu za kompyuta zimerundikwa, si chini ya thelathini, monita za kichogo, zile nene za zamani, zikiwa pembeni yake. Niliinamia sipiyu moja nikaifuta vumbi kwa kiganja. Ubavuni ilikuwa na namba ya mali, imeandikwa kwa rangi nyeupe na brashi nyembamba, ikianza na herufi za halmashauri yetu. Chini ya namba waliandika idara: Elimu. Nikafuta ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zenu.

Hatua kumi kutoka pale kijana wa miaka kama kumi na minne alikuwa amechuchumaa na rundo la nyaya mbele yake. Alikuwa akizikunja kama mtu anayekunja ukili, anazipiga fundo, kisha anazitupa juu ya tairi linalowaka. Moto wa nyaya una alama yake: pembeni huwa wa kijani kwa sababu ya shaba, na moshi wake ni mzito, unatambaa chini kabla ya kupanda. Siku ile upepo ulikuwa unaelekea shuleni. Ilikuwa saa kumi jioni, darasa la saba wako kwenye masomo ya ziada. Nilimwona mwalimu akisogea dirishani, akafunga vioo kimoja kimoja, na joto lile la Februari, akarudi ubaoni kuendelea na hesabu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnada wenu hauulizi kibali.

Tangazo la mnada lililobandikwa ubaoni, ambalo nakala yake ninayo, lilitaka vitu viwili tu kwa mnunuzi: alipe asilimia kadhaa papo hapo, na aondoe mzigo ndani ya siku alizopewa. Halikutaja mahali popote kibali cha kukusanya, kusafirisha au kuchakata taka za kielektroniki. Nchi yetu ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki tangu mwaka 2021, na kanuni za taka hatarishi za mwaka huohuo. Zote zinasimama juu ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na zinamtaka anayekusanya, anayehifadhi, anayesafirisha na anayechakata taka hizi awe na kibali. Fundi wa mtaani akitupa bodi jalalani mnaweza kumpiga faini. Sasa halmashauri inapouza shehena nzima kwa mtu ambaye karakana yake ni nyundo na tairi, nani anampiga faini nani?

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndiyo sababu barua hii nawaandikia ninyi kabla ya mwenye yadi. Yeye ananunua anachouziwa.

2. Nawaambia kama fundi kilichomo ndani ya vifaa vile.

Waya tuliozoea kuchomelea kwa miaka mingi una bati asilimia 63 na risasi, ile metali laini yenye sumu, asilimia 37. Kila bodi ya zamani ina mamia ya matone yake. Kioo cha runinga au monita ya kichogo kimechanganywa na risasi ili kuzuia mionzi, na kwa zile kubwa risasi hiyo inapita kilo moja. Taa iliyo nyuma ya kioo cha monita bapa za mwanzo ina zebaki, kama zilivyo tyubulaiti za ofisini. Betri iliyomo ndani ya UPS, kile kisanduku kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, ni ya risasi na asidi, kama ya gari ila ndogo. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia risasi, zebaki na kadimiamu kwenye vifaa vipya tangu Julai 2006, lakini kompyuta nyingi zilizoletwa kwetu kama mitumba zilitengenezwa kabla ya hapo, na hizo ndizo zinazofutwa sasa kwenye madaftari yenu ya mali.

Kifaa kikiwa kizima mezani, sumu hiyo imetulia. Mimi nimefanya kazi nayo miaka yote hii. Inaamka pale kioo kinapopasuliwa kwa nyundo ili itolewe shaba ya shingoni, na pale moto unapowashwa. Ganda la nyaya nyingi ni plastiki yenye klorini. Ikiungua kwenye moto hafifu wa tairi inatoa dioksini, sumu inayong'ang'ania kwenye mafuta ya mwili wa kila anayeila, awe mtu, ng'ombe au kuku.

Nimetaja kuku kwa makusudi. Mwaka 2019 watafiti walipima mayai ya kuku wa kienyeji waliokuwa wakidonoa kwenye jalala la Agbogbloshie, Accra, nchini Ghana, ambako nyaya zilichomwa kwa miaka. Mtu mzima akila yai moja la pale alikuwa anavuka kiwango cha dioksini kinachovumilika kwa siku huko Ulaya kwa zaidi ya mara 220. Kuku wa jirani yangu wanalala bandani kwake na kushinda kwenye jivu la yadi ile. Mayai anamuuzia mama anayekaanga chipsi mbele ya geti la shule.

3. Watoto.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Risasi inaingia kwenye ubongo unaokua. Mtoto hatoki damu, hapigi kelele, anakuwa mzito tu kushika masomo, na sisi wazazi tunamwita mvivu.

Wakati mwingine haiishii hapo. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Familia zao zilikuwa zinachekecha mchanga uliochanganyika na mabaki ya betri za magari, zikitafuta risasi ya kuuza. Mama anachekecha, mtoto mgongoni. Na hapa jirani, Mombasa, watu wa Owino Uhuru waliishi na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kati ya nyumba zao. Waliumwa, wakapoteza watoto, wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na taasisi za serikali zilizotakiwa kusimamia ziliamriwa kubeba sehemu ya fidia hiyo. Kesi ilipanda na kushuka hadi Mahakama ya Juu, nayo Desemba 2024 ikasimama upande wa wananchi. Naomba wanasheria wa halmashauri waisome.

Yadi yetu si kiwanda, hilo nakubali. Lakini ukuta wa shule una tofali moja tu, tena upande mmoja umebomoka, na watoto wa darasa la kwanza wanapita pale kuokota sumaku za spika. Wanazichezea, wanazitia mdomoni. Nimewahi kumnyang'anya mjukuu wangu.

4. Asidi ya betri inamwagwa mtaroni.

Hili fupi. Betri inapasuliwa, maji yake yanamwagwa, risasi inapelekwa mzani. Saruji ya mtaro imelika mpaka kokoto zimetokeza, na majani hayaoti tena hatua mbili kila upande. Mvua za masika zikija mtaro ule unafurika, maji yanaingia nyumba nne za bondeni. Njooni mkaone, hakuhitajiki kipimo.

5. Mtu anayetaka kufuata sheria hana pa kwenda.

Simu feki zilipozimwa Juni 2016, watu walizileta kwangu kwa mifuko wakidhani naweza kuzifungua. Nyingi waliniachia. Nilikaa nazo miaka miwili chini ya meza, mwisho nikazitupa kwenye gari la taka pamoja na betri zake, zikaenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Sikufanya vizuri, na sikujua pa kuzipeleka. Leo, miaka baadaye, katika kata yetu bado hakuna pipa, chumba wala siku ya mwezi ambapo mwananchi anaweza kupeleka betri ya simu au tyubulaiti iliyoungua. Dunia nzima ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022, na barani kwetu zinazokusanywa kwa utaratibu unaoeleweka hazifiki asilimia moja. Halmashauri moja haiwezi kumaliza jambo hilo, ila pipa moja kwa kila kata inaliweza.

Sasa najua mtakayoyasema, maana mengine nimeshaambiwa.

Mtasema vijana wale watakosa ajira. Mimi nawatetea wale vijana kuliko mtu yeyote, wawili kati yao wamepita mikononi mwangu wakijifunza ufundi. Waulizeni wenye mzani wanaonunua skrepa: shaba iliyochunwa kwa kisu, inayong'aa, inalipwa zaidi kuliko shaba iliyoungua ikawa nyeusi. Wanachoma kwa sababu kuchuna kunachukua muda na hawana mashine. Mashine ya mkono ya kuchuna nyaya ni kitu kidogo, fundi wa kuchomelea wa eneo la Gerezani hapa jijini anaweza kuitengeneza akionyeshwa mfano. Mkiwapa eneo, mashine, glovu na kibali, watapata fedha zaidi na hawatakohoa usiku. Msije na mgambo na karandinga mkadhani mmenijibu. Wakifukuzwa hapa watakwenda kuchoma bondeni, na barua kama hii itaandikwa na mtu mwingine.

Mtasema hili ni la Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Vibali ni vya Baraza, kweli. Lakini Sheria ya 2004 imeitaka kila halmashauri kuwa na afisa mazingira, na taka za ndani ya mipaka yenu imewakabidhi ninyi. Mnada nao ni wenu, muhuri wake ni wenu.

Mtasema hakuna mtoto aliyethibitishwa kuumwa. Hakuna aliyepimwa. Sheria hiyohiyo imeweka kanuni ya tahadhari, kwamba pale penye hatari ya madhara makubwa, ukosefu wa uhakika wa kisayansi usiwe sababu ya kukaa tu. Na kifungu chake cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mtoto wa darasa la kwanza yumo ndani ya neno hilo "kila".

Mtasema bajeti hakuna. Vifaa vile viliuzwa. Fedha iliingia. Sehemu ya fedha hiyo ndiyo gharama ya kuvimaliza salama, haikuwa faida.

Wazee wa jiji hili wanakumbuka Tabata. Mwaka 1988 wakazi wake waliishtaki halmashauri ya jiji kwa kuwamwagia taka na moshi majumbani, na mahakama ikaamuru dampo lile lifungwe. Jiji likaomba kuongezewa muda, tena na tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akisema jambo hili linagusa haki ya kuishi iliyomo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na wa Mtongani nao wakaenda mahakamani, wakashinda. Nilikuwa kijana wakati huo na niliona namna tatizo linavyohamishwa kutoka mtaa hadi mtaa. Sitaki yadi hii ihamishiwe kwa watu wengine wasio na fundi wa kuwaandikia barua.

Ninachoomba ni hiki. Mnada ujao usimamishwe mpaka tangazo lake liandikwe upya, na sharti la kwanza liwe kibali halali cha kuchakata taka za kielektroniki, nakala yake ibandikwe ubaoni pamoja na jina la mnunuzi. Halmashauri itoe hadharani orodha ya vifaa ilivyouza miaka mitano iliyopita na viliuzwa kwa nani. Mwombeni Mkemia Mkuu wa Serikali achukue sampuli za udongo ndani ya yadi, uwanjani shuleni na kwenye mtaro, na idara yenu ya afya ipange watoto wa madarasa ya chini wapimwe damu kwa ajili ya risasi, wazazi wakielezwa majibu kwa lugha wanayoielewa. Ukuta wa shule uzibwe kabla ya yote hayo. Hilo halihitaji kikao. Yadi itafutiwe eneo mbali na makazi, vijana wake wakiwa mezani wakati wa kulipanga. Na kila kata ipate mahali pa kupokelea betri, simu, taa na bodi. Fremu yangu iko tayari kupokea kwa mtaa wetu bila malipo, mkinihakikishia gari lenye kibali litakalokuja kuchukua.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku thelathini, yabandikwe kwenye ubao wa Serikali ya Mtaa ili na wale wazazi arobaini na mmoja wayaone. Siku hizo zikipita kimya, tutapeleka nakala za barua zote nne kwa Baraza na kwa wanasheria wa haki za binadamu, na tutaenda pamoja.

Vifaa vya mnada ujao vimeshapangwa kwenye veranda ya jengo lenu la zamani. Jumatatu nilisimama nje ya wavu nikavihesabu: monita za kichogo ishirini na tatu, UPS kumi na tisa, printa tisa, na boksi la tyubulaiti ambalo tayari limevunjika pembeni. Mlinzi alikuwa amelikalia boksi hilo, anakula muhogo. Nilimwomba ahame, akahama.

Naomba kuwasilisha.

Fundi redio na simu,
mkazi wa mtaa na babu wa mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mwalimu Mkuu, Kamati ya Shule, ubao wa matangazo.